Toazi limepasuka, nani kalipasua? Dhana potofu na ukweli

Toazi likipasuka, lawama humwangukia mmoja kati ya wawili: kiwanda kilichotoa kitu kibovu, au mpiga drams mwenye mkono mzito. Mara nyingi wote wawili husingiziwa, na mkosaji halisi ni nati iliyokazwa kupita kiasi, kipande cha plastiki kilichopotea au stendi iliyopandishwa juu mno. Toazi limeumbwa liyumbe. Nguvu ya pigo hutoka kwa njia ya sauti na kwa njia ya kuyumba; ukiziba hiyo ya pili, nguvu inayobaki huishia ndani ya madini yenyewe. Karibu dhana zote zilizomo humu zinatokana na kusahau jambo hilo.

"Limepasuka ghafla, jana lilikuwa zima"

Jana halikuwa zima. Kinachopasua toazi kwa kawaida ni uchovu wa madini. Kila pigo hulipinda kidogo na kulirudisha, maelfu kwa maelfu ya mara, mpaka mahali palipo dhaifu hufunguka ufa usioonekana kwa macho. Chukua waya uukunje na kuukunjua palepale: utakatika mara ya ishirini, lakini iliyoukata ni ile mikunjo kumi na tisa ya mwanzo. Siku unapousikia ufa ni siku ambayo umerefuka kiasi cha kuharibu sauti. Kuzaliwa kwake ni kwa zamani.

Mahali ulipo ufa pana habari, kwa hiyo paangalie kabla ya kugombana na mtu. Ufa unaoanzia ukingoni na kuelekea ndani huzungumzia namna ya kupiga, au toazi kuwahi kuanguka na kupata kovu. Ufa unaoanzia kwenye tundu la katikati huzungumzia stendi. Ule unaozunguka chini ya kikombe, yaani ile sehemu iliyoinuka katikati, mara nyingi ni wa toazi lililobanwa. Kuna na wa nne, unaofuata mifereji myembamba ya duara iliyoachwa na mashine ya kukereza. Huo ndio msumbufu kuliko wote, maana ukishaingia kwenye mfereji hutembea nao tu, na usipoangalia kwa makini utadhani ni mchoro wa kawaida wa toazi.

"Kaza nati, toazi lisicheze ovyo"

Kwa maoni yangu huu ndio ushauri uliokwisha kuua matoazi mengi, na hutolewa kwa nia njema kabisa. Hasa mahali ambapo drams moja hutumiwa na watu wengi, kila anayeketi hukuta toazi linapepea, naye huongeza mzunguko mmoja wa nati.

Toazi lililobanwa haliwezi kuyumba. Fimbo inatua ukingoni huku katikati pameshikwa, na madini hulazimika kujipinda baina ya sehemu hizo mbili. Halizunguki pia, kwa hiyo linapigwa doa lilelile tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Na kwa taabu yote hiyo sauti nayo hukatika mapema, kwa sababu felti zilizogandamizwa (vile vitambaa vinene vya juu na chini ya toazi) hunyonya mtetemo.

Panga hivi: felti ya chini, toazi, felti ya juu, kisha zungusha nati mpaka iguse felti tu, basi. Ukilisukuma toazi ukingoni kwa kidole linapaswa kuyumba kwa uhuru, na ukilizungusha lizunguke. Kama nati inafunguka na kuruka katikati ya wimbo, basi hesi zake zimelika na inahitaji kubadilishwa. Usilibane toazi ili kuisaidia nati mbovu. Kwenye haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa kanyagio, ni vilevile: toazi la juu hushikwa na kibano kiitwacho klachi, nalo liachiwe nafasi kidogo ya kutikisika.

Halafu kuna kile kibomba kidogo cha plastiki au raba kinachovikwa kwenye mhimili wa stendi. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye drams na ndicho cha kwanza kupotea. Kazi yake ni kuzuia chuma cha stendi kisiguse tundu la toazi. Kikikosekana, hesi za mhimili hulisaga tundu kila toazi linapoyumba, taratibu, hadi linachimbika upande mmoja. Kwenye kona ya chimbo hilo ndipo ufa huanzia na kupanda kikombe. Isitoshe, toazi lenye tundu lililochimbika hupenda kutulia upande uleule kila mara, na hivyo ukingo wake hupigwa mahali pamoja. Ukiwa huna kibomba kwa leo, kata kipande cha mpira laini wa bomba unaoingia kwenye mhimili. Kinasaidia vizuri tu.

"Ukitaka sauti kubwa, ongeza nguvu"

Kila toazi lina kikomo chake cha sauti. Ukishakifikia, nguvu ya ziada haizai sauti ya ziada. Inazalisha mlio mkali usio na utamu na mpindo mkubwa zaidi kwenye madini. Mpigaji anaposikia hajatosheka, anaongeza tena. Anayehitaji sauti kubwa zaidi anahitaji toazi kubwa zaidi au zito zaidi, kreshi (toazi la kupigwa ukingoni kwa kishindo) ya inchi 18 badala ya 16 kwa mfano, au kipaza sauti mahali pake.

Muhimu kuliko nguvu ni njia ambayo fimbo inapita. Pigo zuri la kreshi huja kwa mshazari: kiwiko na kifundo vinalegea, fimbo inagusa ukingo huku ikielekea pembeni, kisha inaondoka na kuliachia toazi liende zake. Pigo baya linanyooka kuelekea ukingoni na kuendelea kusukuma, utadhani mpigaji ana shida na kitu kilichoko nyuma ya toazi. Wapo wanaopiga kwa nguvu sana na matoazi yao yanadumu miaka mingi, na wapo wenye mikono myepesi wanaoyamaliza. Tofauti yao iko hapo.

Stendi nayo inachangia. Kreshi ikiwekwa juu sana na kulazwa bapa, sehemu nene ya fimbo hukutana na ukingo uso kwa uso, ukali kwa ukali. (Kwenye picha za jukwaani matoazi yaliyo juu hupendeza, sikatai.) Lishushe hadi mkono ulifikie bila bega kuinuka, na liinamishe kidogo kuelekea kwako, ili fimbo itue usoni karibu na ukingo badala ya kuugonga ukingo wenyewe. Usiliinamishe kupita kiasi pia, kwa sababu hapo linaegemea upande mmoja wa tundu na linakosa nafasi ya kuyumba nyuma.

"Toazi zito halipasuki"

Linapasuka. Uzito huongeza ugumu wa kupinda, na kwa anayepiga sana toazi jembamba mno ni kosa kweli. Lakini toazi zito huhitaji nguvu kubwa zaidi ili sauti yake ifunguke, na lisipotaka kuyumba nguvu hiyo yote hukaa ukingoni. Ndiyo maana raidi, toazi lililotengenezwa lipigwe usoni kwa ncha ya fimbo, hupasuka mikononi mwa anayeligeuza kreshi kila wimbo. Zipo raidi nyembamba zilizokusudiwa kazi zote mbili. Kwa mchezo huo tafuta hizo.

"La bei kubwa haliwezi kupata ufa, na la B8 ni takataka"

Hapa ndipo watu wanapochanganya ubora wa sauti na uimara. Matoazi mengi ya daraja la juu ni ya bronzi iitwayo B20: takriban asilimia 80 shaba na 20 bati. Zildjian, kampuni inayohesabu mwanzo wake mwaka 1623 mjini Constantinople, imejengwa juu ya mchanganyiko wa aina hiyo. Bati hilo jingi ndilo linaloleta sauti pana yenye rangi nyingi, na ndilo hilohilo linaloifanya bronzi iwe rahisi kuvunjika. Haiwezi hata kufuliwa ikiwa baridi bila kutayarishwa. Hupashwa moto mkali kisha kutumbukizwa majini. Tabia yake ni kinyume cha feleji, chuma kigumu cha visu: hiyo ikipashwa moto na kupozwa ghafla hugeuka ngumu na rahisi kuvunjika, ilhali bronzi ya bati jingi hulainika.

B8 ina takriban asilimia 92 za shaba na 8 za bati. Ni laini zaidi na huvumilia kupindwa. Kweli, matoazi mengi ya wanaoanza ni ya B8, lakini Paiste 2002, zilizotoka mwaka 1971, nazo ni za bronzi ya asilimia 8, na John Bonham wa Led Zeppelin, ambaye hakuna aliyewahi kumwita mpole, alizitumia. Jina la mchanganyiko halikuambii kama toazi ni zuri. Matoazi ya brasi, yaani shaba na zinki, yale yanayokuja na seti za kujifunzia, yana hadithi yake: mara nyingi hujikunja ukingoni au kugeuka umbo kabla hata ya kupasuka.

Kasoro za kiwandani zipo, ila ni chache, na kwa kawaida hujitokeza mapema. Ndiyo sababu ya dhamana za watengenezaji. Dhamana hizo hufunika kasoro ya madini au ya utengenezaji, si tundu lililosagwa wala kovu la kuangushwa, na fundi wao hutambua tofauti kwa kuangalia tu.

"Fimbo ndiyo iliyolipasua"

Kuna anayeamini ncha za nailoni zinapasua matoazi. Ncha haihusiki kabisa kwenye pigo la kreshi. Inayogusa ukingo ni shingo ya fimbo na mwili wake, na hiyo ni mbao, ncha iwe ya nailoni au ya mbao. Unene ndio wenye maana kidogo: fimbo ya 2B, iliyo nene, hubeba nguvu zaidi ya 5A, iliyo nyembamba, na kuitumia kwenye kreshi nyembamba ya inchi 16 ni kutafuta ugomvi. Kulishika toazi kwa mkono ili kuzima sauti pia husingiziwa. Halina madhara.

"Yanaharibikia jukwaani"

Mengine huharibikia njiani. Toazi lililotupwa kwenye begi bila kitenganishi hugongana na wenzake, na lililosimamishwa wima sakafuni huteleza na kuangukia ukingo. Kovu dogo, la ukubwa wa punje, latosha: mtetemo wote unaopita ukingoni hukusanyika hapo, na ufa umepata pa kuanzia. Weka kitambaa kati ya toazi na toazi, na usiruhusu begi kubebeshwa stendi za chuma ndani. Ukikuta kovu, lilainishe kwa msasa mwembamba mpaka lipoteze kona yake kali.

Kung'arisha hakuzuii ufa. Faida pekee ninayoiona ni kwamba anayefuta vumbi kwa kitambaa hulazimika kuupitisha mkono ukingoni, na nyuzi za kitambaa zikinasa mahali, amegundua kitu. Ukucha hufanya kazi hiyohiyo. Taa ikimulika kutoka nyuma nayo huonyesha mengi.

"Ufa mdogo, acha tu" au "Peleka kwa fundi akalichomelee"

Ufa ukishaanza haupoi. Kila pigo huurefusha, kwa hiyo ondoa toazi siku hiyohiyo unapouona. Lakini kulichomelea ni dawa mbaya kuliko ugonjwa: moto hubadilisha ile hali ya bronzi iliyopatikana kwa kupashwa na kupozwa kiwandani, sauti hufa kuzunguka kiungo, na ufa mpya hutokea kandokando yake.

Kinachofaa ni kuondoa ncha kali ya ufa, maana ndiyo inayotembea. Kwa ufa mfupi wa ukingoni, wengi hukata kipande cha umbo la mwezi mchanga kinachoubeba ufa wote, kisha husawazisha kwa tupa na msasa hadi ukingo uwe laini. Kwa ufa unaofuata mfereji, toboa tundu dogo kila mwisho wake. Kosa la kawaida ni kutoboa palepale ufa unapoonekana kuishia. Ncha halisi iko mbele kidogo, haionekani, hivyo tundu likae mbele ya mwisho unaouona, nalo lilainishwe kingo. Fanya kazi polepole, madini yasipate joto kali. Hata ukifanya vizuri hakuna uhakika: mengine hudumu miaka, mengine hupasuka upya kwa wiki chache. Ufa uliokwisha kuzunguka sehemu kubwa ya kikombe hauna tiba yenye maana.

Lililoshindikana lina kazi moja bado. Lilaze juu ya toazi jingine kwenye stendi moja, nayo yatatoa mlio mfupi na mkavu ambao wapiga drams wengi huununua dukani kwa makusudi. Piga msasa kingo za ufa kwanza, kwa maana bronzi iliyopasuka hukata vidole.