Mpango wa dharura wa kisima cha gesi ni nini?

Mpango wa dharura wa kisima cha gesi ni maamuzi yanayofanywa mapema, vichwa vikiwa vimetulia, kuhusu nani atafanya nini siku gesi itakapotoka kisimani bila kuzuilika. Maamuzi hayo huandikwa, hutiwa sahihi na kupelekwa kwa mamlaka ya udhibiti. Kampuni nyingi hudhani kazi imeishia hapo, kabrasha likishakaa kabatini.

Ili kuelewa kwa nini maamuzi hayangoji siku ya ajali, tazama ajali inavyoanza. Gesi iliyo chini ya ardhi imebanwa kwa mgandamizo mkubwa. Wakati wa kuchoronga, kinachoizuia isipande ni uzito wa tope maalumu linalojazwa ndani ya shimo. Tope likipungua, au likiwa jepesi kuliko inavyotakiwa, gesi hupenya. Dalili zake zinajulikana: tope linalorudi juu linazidi lile lililosukumwa chini, tangi linaendelea kujaa, kisima kinatiririka hata pampu zikiwa zimezimwa. Wafanyakazi wakiziona mapema, hufunga vali kubwa zilizo mdomoni mwa kisima na kuitoa gesi kidogo kidogo. Wasipoziona, gesi inafika juu na kisima kinafoka.

Tarehe 22 Januari 2018, karibu na mji wa Quinton katika jimbo la Oklahoma, Marekani, kisima cha gesi kilifoka na kuwaka moto, wakafa wafanyakazi watano. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba mfumo mzima wa tahadhari wa mchorongaji ulikuwa umezimwa. Kwa hiyo mpango wa maana huanza na jambo dogo la kila siku: nani anaruhusiwa kuzima king'ora, na kwa idhini ya nani. King'ora kinacholia ovyo kutwa nzima kitazimwa tu. Kukirekebisha ni sehemu ya maandalizi ya dharura kama ilivyo kununua magari ya zimamoto.

Baada ya hapo mpango lazima ujue ni gesi gani iliyo chini. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ni nyepesi kuliko hewa na hupanda juu. Hatari yake kubwa ni moto: inawaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na cheche ya injini ya gari inatosha. Visima vingine vina pia hidrojeni salfaidi, na hapo hesabu inabadilika kabisa. Hii ni sumu, ni nzito kuliko hewa, na hutambaa mabondeni. Ikiwa kidogo inanuka kama yai viza, lakini ikifikia kama sehemu 100 katika milioni pua hufa ganzi baada ya dakika chache, na mtu hudhani imeondoka. Ikipita sehemu 500 anaweza kuzimia na kufa kwa muda mfupi. Ndiyo maana wafanyakazi huambiwa wategemee kifaa cha kupimia, wala si pua, na wakikimbia wakate upepo kwa ubavu kuelekea mwinuko.

Usiku wa tarehe 23 Desemba 2003, kisima cha namna hiyo kilifoka katika wilaya ya Kaixian, Chongqing, nchini China. Ilikuwa karibu saa 4 usiku, watu wamelala, na vijiji viko kwenye mabonde yaliyozungukwa na milima. Walikufa watu 243, wengi wao wanavijiji, na zaidi ya 60,000 wakahamishwa. Gesi ile ilikuja kuwashwa moto siku ya pili alasiri, takriban saa 18 tangu ianze kutoka.

Kuwashwa moto kwa makusudi kunaweza kumshangaza msomaji. Lakini hidrojeni salfaidi ikiungua hugeuka dioksidi ya salfa, ambayo nayo ni sumu, ila joto la moto huipandisha juu na kuitawanya badala ya kuiacha itambae majumbani. Gharama yake ni kwamba mtambo wa kuchorongea, wenye thamani kubwa sana, huenda ukateketea. Hapo ndipo watu husitasita, wakingoja simu ya bosi, naye akingoja simu ya bosi wake. Kwa maoni yangu, ukitaka kupima mpango kwa swali moja, uliza: aliyepo kisimani usiku anayo mamlaka ya kuwasha gesi bila kuomba ruhusa, na vipimo gani vikifikiwa anatakiwa awashe? Jimbo la Alberta nchini Kanada lilikaza kanuni zake kuhusu jambo hili baada ya kisima cha Lodgepole kufoka mwaka 1982 kwa siku 67 na kuua wafanyakazi wawili.

Swali la umbali hufuata. Wahandisi hukadiria gesi kiasi gani inaweza kutoka na sumu iliyomo, kisha huchora ukanda wa dharura kuzunguka kisima. Kila nyumba ndani ya ukanda huo hujulikana: nani anaishi humo, ana simu gani, kuna mgonjwa asiyeweza kutembea, kuna shule. Si kila mara watu huambiwa wahame. Wingu la sumu likiwa limeshafika barabarani, kubaki ndani, milango na madirisha yamefungwa na feni zimezimwa, kunaweza kuokoa maisha kuliko kukimbia. Nani atangaze lipi, na kwa njia gani umeme ukikatika, hilo nalo huamuliwa kabla.

Mipango mingi hukosea kwenye muda, kwa sababu imeandikwa kana kwamba dharura ni ya siku moja. Kisima cha Baghjan huko Assam, India, kilifoka tarehe 27 Mei 2020, kikashika moto tarehe 9 Juni, na moto ukaja kuzimwa Novemba. Wataalamu wa kudhibiti visima walitolewa Singapore. Kule Aliso Canyon, California, kisima cha kuhifadhia gesi kilivuja kuanzia Oktoba 2015 hadi Februari 2016, maelfu ya familia wakiishi kwingine, hadi kisima cha pili kilipochorongwa kukifikia cha kwanza kule chini na kukiziba. Kwa hiyo mkataba na wataalamu, chanzo cha maji ya kupoza, barabara ya mitambo mizito na malazi ya waliohamishwa vinatakiwa viwe vimeandikwa tayari.

Kipengele cha mwisho ni kurudi nyumbani. Kisima kikishazibwa, vikosi vyenye vifaa vya kupumulia hupita nyumba kwa nyumba kupima hewa, wakianza na mabonde, mashimo na vyumba vya chini, maana gesi nzito hukaa huko hata nje kukiwa salama. Mpango hutaja kiwango kinachokubalika na jina la cheo cha mtu mmoja mwenye kuruhusu watu warudi.