Kazi ya staha: maana yake kwa kijana wa Nairobi na kwa anayesafiri kutafuta riziki

Kazi ya staha ni kazi ambayo mtu huifanya kwa hiari yake, kwa ujira unaomtosha kuishi, mahali pasipohatarisha uhai wala afya yake, huku akiwa na haki ya kusema na kusikilizwa, na akiwa na kinga siku atakapougua, atakapojifungua au atakapozeeka. Dhana hii ilipata jina lake rasmi mwaka 1999, pale Juan Somavia wa Chile, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshika uongozi wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), alipoiwasilisha katika mkutano mkuu wa shirika hilo mjini Geneva. Nguzo zake ni nne: nafasi za ajira, haki kazini, hifadhi ya jamii, na mazungumzo baina ya serikali, waajiri na wafanyakazi. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliiingiza katika lengo la 8 la Malengo ya Maendeleo Endelevu. Mizizi yake, hata hivyo, ni ya zamani zaidi, kwa kuwa ILO ilianzishwa mwaka 1919, na katika Azimio la Philadelphia la mwaka 1944 ikatamka kwamba kazi si bidhaa.

Kwa Kiswahili wapo wanaosema kazi yenye hadhi. Mimi nalipendelea neno staha, kwa sababu hadhi humfanya msomaji wa Nairobi afikirie cheo: ofisi, kiti cha kuzunguka na tai shingoni. Dhana yenyewe haiulizi unafanya kazi gani. Inauliza unafanyiwa nini ukiwa kazini. Karani aliyevaa suti ambaye hajalipwa kwa miezi mitatu hana kazi ya staha, ilhali mfanyakazi wa nyumbani mwenye mkataba, siku ya mapumziko na mshahara usiopungua kima cha chini cha sheria anayo.

Ukipita Eastleigh asubuhi utawakuta kina mama wameketi ukingoni mwa barabara, wakisubiri mwenye nguo za kufua. Gari linaposimama, wote huinuka. Bei hupatanwa dirishani kwa dakika moja, na anayetaja bei ya juu huona mwenzake akipanda badala yake. Wazee walisema kazi mbi si mchezo mwema, na mwenye watoto wanaongoja chakula hawezi kulaumiwa kwa kuifuata methali hiyo. Lakini hapo dirishani ndipo kiini cha dhana kinapoonekana kwangu: staha ya kazi hupimwa kwa kile kinachompata mfanyakazi siku anaposema hapana. Akiweza kukataa ujira duni, au saa za ziada zisizolipwa, na kesho bado akawa na kazi, basi ana staha.

Kwa kipimo hicho, ajira kwa vijana haiwezi kuwa hesabu ya nafasi tu. Umoja wa Mataifa humhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 24, ilhali Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamhesabu kuanzia miaka 18 hadi kabla hajatimiza 35, na nadhani Katiba imeijua Nairobi vizuri zaidi, maana wengi hufika miaka thelathini wakiwa bado hawajapata kazi ya kudumu. Malengo ya mwaka 2015 yalitaka idadi ya vijana wasio kazini, shuleni wala mafunzoni ipunguzwe kwa kiasi kikubwa ifikapo 2020, na mwaka huo umekwisha kupita. Nchini Kenya zaidi ya asilimia 80 ya walio na kazi wamo katika sekta isiyo rasmi, ile tunayoiita jua kali, ambako mkataba wa maandishi ni nadra.

Hata penye sheria, kuna mianya. Alfajiri katika malango ya viwanda vya Industrial Area vijana husimama wakingoja kuchaguliwa kwa kibarua, neno ambalo asili yake ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa kuhesabiwa siku zake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Ndiyo maana wapo waajiri wanaomwambia kijana apumzike siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha arudi kuanza upya. Akilalamika, kibarua huota nyasi.

Anayechoka kungoja langoni huanza kuitazama Saudia. Uhamaji wa kazi ulio wa haki ni ule ambamo mtu husafiri akijua anakokwenda, atalipwa nini na atarudi vipi, bila kuuanza akiwa mdaiwa. Mchukulie binti ambaye familia yake imekopa ili kumlipa ajenti wa katikati ya jiji, ikalipia na kipimo cha hospitali. Anapotua tayari anafanya kazi ya kurudisha deni. Akiwekwa chini ya utaratibu wa kafala, unaofungamanisha kibali chake cha kuishi na mwajiri mmoja, na pasipoti yake ikachukuliwa mlangoni, hana tena namna ya kukataa chochote. Saudi Arabia ililegeza utaratibu huo mwaka 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuhusishwa, nao ndio waliouhitaji zaidi.

Jitihada za kimataifa zimelenga pingu hizo moja baada ya nyingine. Mkataba nambari 181 wa ILO, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada. Miongozo ya uajiri wa haki ikafuata mwaka 2016, na mwaka 2019 ikafafanuliwa kwamba hata vipimo vya afya, mafunzo na nauli ni gharama za uajiri, ambazo mfanyakazi hapaswi kubebeshwa. Makubaliano ya Umoja wa Mataifa kuhusu uhamaji, yaliyopitishwa Marrakech, Moroko, Desemba 2018, yaliweka uajiri wa haki na kazi ya staha kuwa lengo la 6 kati ya malengo yake 23. Hapa Kenya, Sheria ya Ajira inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uthibitishwe na afisa wa kazi kabla ya safari. Nao Mkataba nambari 189, uliopitishwa mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani, unatamka mambo mawili ambayo binti huyo angeyahitaji tangu usiku wake wa kwanza ugenini: apumzike saa 24 mfululizo kila wiki, na pasipoti yake akae nayo mwenyewe.