"Fundi, Faili Zangu Ziko Kwenye Wingu": Dhana Zinazopoteza Picha na Hati za Familia

Laptopu imekufa, diski yake haisomeki, na mwenye nayo ametulia kabisa. "Fundi, usihangaike, faili zangu zote ziko kwenye wingu," yaani hifadhi ya mtandaoni. Maneno haya nimeyasikia kwa wateja mara nyingi mno, na wengi hutulia hivyo hadi tunapofungua akaunti na kukuta folda ya picha za watoto haina kitu. Nitaanza na dhana hiyo na nitakaa nayo muda mrefu, kwa sababu katika kazi yangu ndiyo inayowaliza watu zaidi.

Dhana: OneDrive, Google Drive au Dropbox ikiwa imewashwa, bakapu ipo

Haipo. Kazi ya programu hizi ni kusawazisha, yaani kuhakikisha kila kifaa chenye akaunti hiyo kina hali ileile. Usawazishaji ni kivuli: ukiinama, nacho kinainama. Ukifuta folda kwenye kompyuta ya sebuleni, inafutika kwenye wingu, kisha inafutika kwenye laptopu ya binti yako aliyeko chuoni. Ukihifadhi kazi mpya juu ya hati ya zamani, hati mpya inasambaa kote. Virusi vya kudai fidia vikizifunga faili zako, faili zilizofungwa ndizo zinazopandishwa. Nakala rudufu, yaani bakapu, hufanya kinyume. Wewe unakosea, yenyewe inabaki na hali ya jana, ya wiki iliyopita, ya mwezi uliopita.

Hapo huambiwa, "Lakini kuna tupio." Lipo, na lina muda wake. Google Drive hufuta vilivyomo kwenye tupio baada ya siku 30. OneDrive ya mtu binafsi ni siku 30. Dropbox ya bure ni siku 30. Sasa nani katika familia hufungua folda ya picha za harusi kila mwezi kuhakikisha bado zipo? Faili za nyumbani hupotea kimya, na pengo huonekana siku mtu anapotafuta cheti cha kuzaliwa alichokiskani miaka minne nyuma. Siku 30 zinamfaa mfanyakazi aliyefuta ripoti juzi. Mama anayetafuta picha za mtoto wake aliyekwisha kuwa mtu mzima hazimfai kwa lolote. Microsoft huwapa waliolipia Microsoft 365 uwezo wa kurudisha OneDrive nzima katika hali ya siku za nyuma, jambo zuri sana faili zikifungwa na virusi, lakini nako mpaka ni siku 30 zilezile.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalioni. Ili kuokoa nafasi, OneDrive na Google Drive zinaweza kuziacha faili zako kwenye seva tu, yaani kompyuta za kampuni hizo, na kukuonyesha majina yake kwenye kompyuta. Kwenye Windows, faili ya namna hiyo ina alama ndogo ya wingu pembeni. Unaiona, unaibofya, inafunguka, nawe unaamini unayo nyumbani na kwenye wingu. Kwenye diski yako haimo. Una nakala moja tu duniani, na hiyo inategemea akaunti yako iendelee kufunguka.

Na akaunti hufungwa. Nywila husahaulika, namba ya simu ya uthibitisho hubadilishwa, mzee aliyefungua akaunti hufariki na hakuna anayejua jinsi ya kuingia. Google ina utaratibu, ulioanza kutekelezwa Desemba 2023, wa kufuta akaunti binafsi ambazo hazijaguswa kwa miaka 2. Nafasi ya bure nayo hujaa upesi: Google inatoa GB 15 kwa Gmail, Drive na Picha kwa pamoja, OneDrive GB 5. Ikijaa, faili mpya haziendi tena. Ujumbe wa onyo hutokea kwenye kona ya skrini, mtu anaufunga, na miezi inapita.

Siwalaumu sana wateja. Windows 11 yenyewe huwaambia bakapu imewashwa, wakati kilichofanyika ni kuhamishia folda za Desktop, Documents na Pictures kwenye OneDrive.

Basi familia itumie programu gani? Ile iliyokuja na kompyuta. Windows ina File History tangu Windows 8 ya mwaka 2012, na hata kwenye Windows 11 bado ipo, imefichwa ndani ya Control Panel. Chomeka diski ya nje, washa File History, basi. Isipobadilishwa, na diski ikiwa imechomekwa, hunakili faili zilizobadilika kila saa na kutunza matoleo ya zamani. Inachukua folda za kawaida za mtumiaji tu, kwa hiyo aliyezoea kutupa faili zake moja kwa moja kwenye C:\ azirudishe kwanza mahali pake. Mac ina Time Machine tangu 2007: nakala za kila saa kwa saa 24 zilizopita, za kila siku kwa mwezi uliopita, kisha za kila wiki mpaka diski ijae, hapo huanza kufuta zile kongwe. Apple hushauri diski iwe angalau mara mbili ya ukubwa wa diski ya kompyuta, na ushauri huo nautumia hata kwa Windows.

Pesa unayotaka kununulia programu yenye vitufe hamsini, nunua diski ya pili. Diski mbili zipokezane: moja iwe kwako, nyingine kwa dada au shangazi, mbadilishane mnapotembeleana. Wingu nalo libaki, maana lina faida yake. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh aliieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya kuhifadhia vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Sijapata kanuni iliyo rahisi kukumbuka kuliko hiyo.

Dhana: "Nimeweka nakala kwenye D"

Kwenye laptopu nyingi C na D ni vipande vya diski ileile. Ikifa, vinakufa pamoja. Laptopu ikiibwa, vinaibwa pamoja.

Diski ya nje iliyochomekwa usiku na mchana ina tatizo jirani, kwa kuwa virusi vya kudai fidia hufunga kila diski vinayoifikia. Ichomeke, iache imalize, ichomoe. Kwa familia isiyokaa kwenye kompyuta kutwa, mara moja kwa wiki inatosha. Na flashi ndogo si mahali pa kuwekea nakala pekee ya kitu chochote unachokipenda.

Dhana: Antivairasi ya kulipia ndiyo kinga, na zikiwa mbili ni bora zaidi

Windows ina antivairasi yake, Defender, tangu 2012, na kwa miaka kadhaa sasa imekuwa ikipata alama nzuri kwenye majaribio ya maabara huru kama AV-TEST. Kwa nyumba nyingi inatosha. Ukisakinisha ya kampuni nyingine, Defender hujizima na kuipisha. Mbili za kampuni tofauti zikifanya kazi pamoja hugombania faili zilezile, kompyuta inakuwa nzito, na ulinzi hauongezeki.

Kinachonikera ni mtu kulipia antivairasi kisha kuizima ili asakinishe programu ya kraki, yaani ya kulipiwa iliyovunjwa kufuli ili itumike bure. Maelekezo ya kraki karibu yote huanza na "zima antivairasi kwanza", na watu hutii! Virusi vya STOP, vinavyojulikana pia kama Djvu, vimewafungia faili watu wengi wa kawaida majumbani, na njia yao kuu ilikuwa kraki hizohizo. Kama huwezi kulipia Office, tumia LibreOffice, ni ya bure na ni halali. Watoto wapewe akaunti za kawaida zisizo na mamlaka ya kusakinisha. Hatua hiyo moja naithamini kuliko antivairasi yoyote ya dukani.

Dhana nyingine, kwa ufupi

"Mac haishikwi na virusi." Mwaka 2012 programu hasidi ya Flashback iliingia kwenye Mac zaidi ya 600,000.

"Masasisho yanaharibu kompyuta, nimeyazima." Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la usalama lililotumiwa baadaye na WannaCry, virusi vya kudai fidia. Shambulio lilikuja tarehe 12 Mei 2017, likavuruga hata hospitali za Uingereza. Aliyesasisha kwa wakati alikuwa na miezi miwili ya kujikinga. Kwa sababu hiyohiyo, ukijua kuwa Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, usiiache tu iendelee hivyo.

"Nahitaji programu ya kusafisha." Huihitaji. Mwaka 2017 wadukuzi walipenyeza programu hasidi ndani ya CCleaner, programu maarufu ya kusafisha, ikasambazwa kwa watumiaji kama toleo rasmi.

"Sina cha kuibwa." Una barua pepe, na kwa barua pepe hubadilishwa nywila za vingine vyote. Washa uthibitishaji wa hatua mbili leo, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa pili, kama msimbo wa simu.

Dhana: Alama ya bakapu ikiwa ya kijani, kazi imekwisha

Nakala ambayo hujawahi kurejesha kitu kutoka kwayo, bado hujui kama unayo. Kila baada ya miezi michache chukua diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, rejesha picha tatu na hati moja, uzifungue kabisa. Kuona majina ya faili hakutoshi.

Ukiwa hapo, angalia pia kama diski ya kompyuta yako imesimbwa, yaani haisomeki bila ufunguo wa siri. Laptopu nyingi za Windows 11 husimbwa zenyewe mara tu unapoingia na akaunti ya Microsoft, na siku ubao mama ukibadilishwa, mashine itakudai ufunguo wa tarakimu 48 ambao wengi hawajui kama upo. Unapatikana ndani ya akaunti yako ya Microsoft, kwenye orodha ya vifaa. Uchapishe kwenye karatasi na uiweke pamoja na vyeti vya familia.