pH Kushuka Pipani Si Kuharibika kwa Maji

Kila mara mfugaji wa matumbawe anapopima maji ya chumvi aliyoyachanganya pipani siku kadhaa nyuma kwa ajili ya tangi lake, akakuta pH (kipimo cha uasidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) ni 7.9 badala ya 8.3, wazo la kwanza humwambia kwamba maji yameoza, na la pili humtuma kuyatia bufa, yaani kemikali ya kupandisha pH. Naomba tabia hii ikome, kwa sababu maji yale yalikuwa mazima mpaka bufa ilipoingia.

pH ya maji yaliyohifadhiwa hufuata kaboni dioksidi iliyomo hewani. Chumba chenye watu wengi na madirisha yaliyofungwa hujaa gesi hiyo, nyingine huyeyuka majini na kuwa asidi hafifu, nayo pH hushuka. Ualkali, yaani uwezo wa maji kuzima asidi, ambao ndio matumbawe huutegemea kujenga mifupa yake, haubadiliki kwa gesi hiyo kuingia wala kutoka. Asiyeamini achote glasi moja, aitie hewa kwa pampu ndogo kando ya dirisha lililo wazi, kisha apime tena: pH itakuwa imepanda na ualkali upo palepale.

Bufa hupandisha pH kwa kuongeza ualkali, na hapo ndipo balaa huanzia. Maji ya bahari tayari yamebeba kalsiamu na kaboneti kupita kiwango chake cha kushiba. Kinachozuia viwili hivyo visiungane na kujitenga kama chokaa ni hasa magnesiamu, ambayo hujibandika kwenye fuwele changa na kuzikwamisha zisikue. Ukizidisha kaboneti, kizuizi hicho hushindwa, na kila chembe inayojitenga huwa kiini cha nyingine. Hita huchochea zaidi, kwa kuwa chokaa, tofauti na chumvi nyingi, huyeyuka kwa shida zaidi kadiri maji yanavyopata joto. Itazame hita iliyokaa pipani muda mrefu: imevaa ganda jeupe linalokwaruza kidole, na ukilidondoshea siki linatoa povu. Ganda hilo ndilo ualkali uliodhani umeuongeza.

Vipimo navyo huwapoteza watu. Chokaa inapojitenga, ualkali ukishuka kwa 2.8 dKH (dKH ni kizio cha kupimia ualkali), kalsiamu hushuka kwa miligramu 20 tu kwa lita. Maji yaliyotoka 11 hadi 8.2 dKH yatakuonyesha kalsiamu ya 420 badala ya 440, tofauti ambayo vifaa vingi vya nyumbani haviwezi kuitambua kwa uhakika, nawe utaapa kwamba hakuna kilichopungua. Pima ualkali.

Mengine ni mepesi. Chumvi huingizwa kwenye maji ya RO (maji yaliyosafishwa kwa kichujio cha utando) yanayozunguka, kidogo kidogo, kamwe maji yasimwagwe juu ya rundo la chumvi. Pipa lifunikwe, maana maji huvukiza na chumvi hubaki. Yakipungua, ongeza maji ya RO hadi kwenye alama, kisha uhakikishe chumvi ni 35 kwa elfu. Hita iwashwe siku ya kuamkia matumizi, si wiki nzima, na pampu izungushe maji kabla ya kuyapima.

Hata hivyo, sina kanuni ya kutabiri ni pipa lipi litatoa chokaa. Chumvi ya mfuko mmoja, nikiichanganya kwa namna ileile, mara hutulia kwa wiki nyingi, mara huacha vumbi jeupe chini baada ya siku chache. Kwa hiyo napima ualkali siku ya kuchanganya, nauandika kwenye mfuniko, na kuupima tena kabla ya kubadilisha maji. Ukiwa umepungua kwa zaidi ya nusu dKH, narudia kipimo kwanza, kwa sababu kosa la kifaa chenyewe linaweza kufikia hapo.