Mtunzi wa nyimbo akizeeka, huchuja? Maswali na majibu

Hakuna neno linalomuuma mwanamuziki mkongwe kama hili: "Amechuja." Utadhani kipaji ni kitenge, kikifuliwa sana rangi inaondoka.

Swali: Ni kweli kipaji cha kutunga hupungua na umri?

Jibu: Kinachopungua ni kasi. Ubongo huchakata mambo haraka zaidi katika miaka ya ishirini, kisha kasi hiyo hushuka polepole, pamoja na uwezo wa kushika vitu vingi kichwani kwa mpigo. Akiba ya maneno haifuati njia hiyo. Kwa watu wengi huendelea kukua hata baada ya miaka 60.

Mtazame mtunzi wa taarab akiwa kazini. Amepata mstari wa kwanza: "Nilikupa moyo wangu, ukautupa njiani." Mizani minane, kituo, mizani minane. Kina cha kati ni -ngu, cha mwisho ni -ni. Mstari wa pili lazima uangukie palepale, huku mahadhi yakilia kichwani na maana isipotee. Kijana wa miaka 22 anaubeba mzigo huo wote amesimama kwenye daladala. Mzee wa miaka 68 akijaribu, akifika kwenye -ni, -ngu imeshamtoka. Sasa mpe karatasi na kalamu. Kijana ana "yangu", "kwangu" na "Mungu", halafu anakwama. Mzee ana pingu, ukungu, mizungu, uchungu, ulimwengu, na kwa kila neno anamkumbuka mtu lililomfika.

Swali: Mbona basi vibao vingi vikubwa ni vya ujanani?

Jibu: Sababu nyingi haziko kwenye ubongo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Dean Keith Simonton, aliyechunguza kazi za watunzi kwa miaka mingi, aliona kwamba uwiano wa kazi bora kwa kazi zote hauyumbi sana katika maisha ya mtunzi. Kinachobadilika ni wingi. Anayetunga nyimbo thelathini kwa mwaka atapata vibao vingi kuliko anayetunga tatu. Na mzee anatunga tatu kwa sababu bendi ilivunjika, mpiga solo wake amekufa, na hakuna ukumbi unaomsubiri Jumamosi.

Halafu kuna sisi wasikilizaji. Nyimbo tulizozipenda tukiwa vijana ndizo zinazoganda zaidi kwenye kumbukumbu. Mkongwe akipanda jukwaani na wimbo mpya, ukumbi mzima unapiga kelele kudai ule wa 1985. Hapo nani aliyekwama?

Tusisahau pia kwamba wengine hawakupewa nafasi ya kuzeeka. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Januari 1979, akiwa na miaka 34. Franco, mwanamuziki wa Kongo, alikufa 1989 akiwa na 51. Tunawakumbuka kama vijana kwa sababu hatukupata kuwaona wakizeeka.

Swali: Nani ametunga vizuri uzeeni?

Jibu: Verdi wa Italia alikuwa na miaka 79 opera yake Falstaff ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Milan, 1893. Leonard Cohen wa Kanada alitoa albamu Oktoba 2016, akafariki wiki chache baadaye akiwa na 82. Bob Dylan wa Marekani ananivutia zaidi, maana mwaka 2004 alikiri kwenye televisheni kwamba hawezi tena kuandika kama alivyoandika ujanani, ila anaweza mambo mengine. Mwaka 2020, akiwa na miaka 78, akatoa wimbo wa karibu dakika 17.

Simonton pia alilinganisha kazi 1,919 za watunzi 172 wa muziki wa klasiki. Kazi zao za mwisho zilikuwa fupi na mahadhi yake mepesi zaidi, lakini ndizo zilizothaminiwa sana.

Swali: Na sauti?

Jibu: Sauti ni jambo jingine. Nyuzi za sauti hukonda na mapafu hupoteza nguvu. Mtunzi ambaye koo halipandi tena anaweza kumpa wimbo mwimbaji kijana.

Swali: Baba ana miaka 66, alikuwa mtunzi wa bendi. Siku hizi hagusi gita. Tukimuuliza anasema uzee. Tumwache?

Jibu: Msimwache. Maradhi mengi hujificha nyuma ya neno hilo "uzee", na mengi yana tiba.

Anzeni na masikio. Aliyesimama mbele ya spika miaka thelathini huanza kupoteza sauti za juu: visahani vya ngoma, herufi s na f, chembe za mwisho za nyuzi za gita. Hazimfikii, naye anadhani ni mkono umeharibika. Wakati mwingine ni nta tu imeziba, na kliniki huitoa kwa dakika chache. Isipokuwa nta, kuna vifaa vya kusikia. Tena wataalamu wanahesabu kupungua kwa usikivu kuwa miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, yaani demensia. Si suala la muziki peke yake.

Kisha presha na sukari. Presha isiyotibiwa huumiza mishipa midogo ya ubongo bila kelele. Mtu anakuwa mzito wa kuanza jambo, mzito wa kupanga.

La tatu ni sonona (depression), ugonjwa ambao wazee wetu hawautaji kwa jina. Mtu halii, wala hasemi ana huzuni. Anaacha tu alichokipenda, analala vibaya, chakula hakimpi hamu. Sonona inatibika hata ukiwa na 66. Mwulizeni pia kuhusu pombe, kwa upole, na mpelekeni hospitali na dawa zote anazomeza. Baadhi humfanya mtu awe na usingizi mchana kutwa.

Swali: Kiharusi huua utunzi?

Jibu: Si lazima. Vissarion Shebalin, mtunzi wa Kisovieti, alipata viharusi 1953 na 1959, akabaki akihangaika kusema na kuelewa maneno. Aliendelea kutunga, akamaliza simfonia yake ya tano 1962, mwaka mmoja kabla ya kufa. Maneno na mahadhi havikai chumba kimoja kwenye ubongo.

Lakini uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea ghafla au maneno yakivurugika, kimbizeni mgonjwa hospitali saa hiyohiyo. Dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na kipimo cha kichwa lazima kitangulie. Msisubiri kesho.

Swali: Kusahau mashairi jukwaani ni dalili mbaya?

Jibu: Neno likikutoka kisha likarudi ukiwa njiani kurudi nyumbani, hilo ni la kawaida. Ukiuliza swali lilelile mara tano, au ukipotea mtaa uliokaa miaka ishirini, nenda kapimwe.

Swali: Mtunzi wa miaka 60 afanye nini?

Jibu: Vaa vizibo vya masikio kwenye mazoezi, si kwenye shoo peke yake. Pima presha. Lala, maana deni la kukesha hadi alfajiri mwili wa sasa haulilipi haraka. Tunga saa ambazo akili iko macho, na kwa wengi umri huu ni asubuhi. Mahadhi yakija, yarekodi kwenye simu papo hapo, hata kwa kuguna, hata ukiwa na sabuni usoni. Usijiambie utayakumbuka baada ya kuoga.