Sikwensa haina sauti, na dhana nyingine zinazowapotezea pesa wanaoanza muziki nyumbani

Juzi mwanafunzi wangu mmoja alinitumia wimbo wake. Lilikuwa faili la MIDI (lugha ambayo vifaa vya muziki huambiana noti za kupiga), dogo, kilobaiti 30 hivi, alilolitoa kwenye sikwensa yake, yaani kifaa au programu ya kurekodi na kupanga noti. Nilipolifungua, kompyuta yangu ikalicheza lote kwa piano: nyuzi piano, tarumbeta piano, besi nayo piano. Nikampigia simu. "Mwalimu," akasema kwa unyonge, "kumbe sikwensa yangu ni duni, haitunzi sauti. Acha nidunduize ninunue ile kubwa."

Huyo si wa kwanza wala si wa kumi. Nimewaona watu wakiuza vifaa vizuri kabisa ili wanunue vya bei mara tatu, kisha wanarudi na wimbo uleule, wenye sauti ileile. Inaniuma, kwa sababu pesa hizo mara nyingi ndizo pekee walizokuwa nazo.

Dhana: Sikwensa ghali ina sauti nzuri kuliko ya bei nafuu

Sikwensa haina sauti. Kazi yake ni kutunza maagizo. Ukibonyeza do ya katikati kwenye kibodi, kinachopita kwenye waya wa MIDI ni baiti tatu tu. Ya kwanza inasema noti imebonyezwa, chaneli ya 1. Ya pili inataja noti yenyewe, namba 60. Ya tatu inataja nguvu ya kidole, kuanzia 1 hadi 127. Basi. Humo hamna sauti, kama vile karatasi ya noti iliyo mbele ya kwaya isivyoimba. Ndiyo maana wimbo mzima unatosha kwenye kilobaiti 30. Anayeimba ni sinthesaiza (kifaa kinachounda sauti), sampla (kinachocheza sauti zilizorekodiwa) au plagini (ala iliyo ndani ya kompyuta) iliyo upande wa pili.

Lile faili la mwanafunzi lilipofika kwangu halikuzikuta ala zake, likachezwa kwa ala inayoongoza General MIDI, orodha ya pamoja ya ala iliyowekwa mwaka 1991, yaani piano. Hakuna kilichopotea. Nilipoielekeza kila sehemu kwenye ala inayofaa, okestra yake ilirudi, tena ilikuwa imepangwa vizuri.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba baadhi ya vifaa huja na vitu viwili ndani ya boksi moja. Yamaha QY10 ya mwaka 1990, yenye ukubwa wa kanda ya video, ilikuwa na sikwensa na sauti zake humohumo. Arturia KeyStep ni kinyume: ina kibodi, ina sikwensa ya hatua 64 (hatua ni nafasi za noti zinazofuatana), lakini yenyewe haitoi mlio wowote. Mtu huinunua, anaiwasha, anabonyeza, kimya. Anadhani ameuziwa mbovu. Kabla ya kulinganisha bei, jiulize kifaa hicho kinaimba chenyewe au kinaimbisha kingine.

Kwa watumiaji wa kompyuta dhana hiyohiyo imevaa nguo nyingine: eti programu fulani "inachanganya sauti kwa utamu zaidi". Hili nimechoka kubishana nalo kwa maneno, kwa hiyo siku hizi namkalisha mtu mbele ya kompyuta tufanye jaribio. Chukua faili nne za sauti, za WAV. Ziweke kwenye programu mbili tofauti, moja ya bure na moja ya gharama, bila efekti, zote katikati, volyumu sawa, kanuni ya kugawa sauti kushoto na kulia ikiwa sawa. Toa mchanganyiko kutoka kila programu. Sasa weka michanganyiko hiyo miwili pamoja, geuza fezi ya mmoja (mawimbi yake yapinduke juu chini), kisha cheza. Ikiwa ni sawa, inafutana. Mara zote nilizofanya, tumebaki tunatazama mita ya sauti ikiwa imelala na spika ziko kimya. Kujumlisha sauti ni hesabu, na programu zote hizo zinajua kujumlisha. Tofauti mnazosikia hutoka kwenye ala zinazokuja na programu, au kwenye kanuni ya kugawa sauti kushoto na kulia, ambayo kila programu ina yake na unaweza kuibadilisha kwenye mipangilio.

Kuna jambo moja tu ambalo sikwensa yenyewe huliamua na sikio hulisikia, nalo ni wakati. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja huchukua milisekunde 500. Sikwensa inayoligawa mara 24 inaweza kusogeza noti kwa hatua za takriban milisekunde 21, na hapo mpigo wa mkono wako unanyooshwa bila ridhaa yako. Akai MPC60 ya 1988, aliyoibuni Roger Linn, iligawa mara 96, karibu milisekunde 5. Programu za leo, hata za bure, kwa kawaida hugawa mara mia kadhaa. Kwa hiyo ukikuta mdundo wako umekauka, usilaumu bei ya kifaa. Tazama kwanza kama umenyoosha noti zote kwa asilimia 100, yaani umezisogeza zikae sawasawa kabisa kwenye mapigo. Punguza hadi 60, usikilize tena. Nawasihi wote ninaowafundisha wafanye hivyo kabla ya kununua chochote.

Na kama pesa ipo, nunua hedifoni nzuri. Hiyo ndiyo sehemu ya chumba chako inayogusa sauti kweli.

Dhana: Programu za bure ni za kuchezea

Si kweli. LMMS na Ardour ni programu huria na nyimbo kamili hutoka humo. GarageBand huja bure kwa wenye kompyuta na simu za Apple. Reaper unaijaribu siku 60 ikiwa na kila kitu chake. Tatizo ninaloliona si ubure, ni kuhamahama: mtu anapakua programu nne ndani ya mwezi na hamalizi wimbo hata mmoja. Chagua moja, ukae nayo hadi wimbo uishe.

Dhana: Kompyuta huchelewa, sikwensa ya mkononi haichelewi

Kuchelewa huko, kati ya kubonyeza na kusikia, ni mpangilio wa bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulicheza. Bafa ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 1,024 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni karibu milisekunde 23, na vidole vitaisikia. Shusha hadi 128, inakuwa chini ya milisekunde 3, ingawa draiva na vifaa huongeza kidogo. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO, iliyotengenezwa kupunguza kuchelewa huko. Wakati wa kurekodi bafa iwe ndogo, wakati wa kuchanganya ipandishe.

Dhana: Hatua 16 hazitoshi wimbo

Hatua 16 ni kipande, si wimbo. Vipande huunganishwa kwa mnyororo. Uliza kifaa kinatunza vipande vingapi na kinaviungaje.

Dhana: Kifaa cha zamani hakitaongea na kipya

MIDI ya 1983 bado inaongea. Kinachosumbua ni matundu, na hapa ndipo ninapogombana na wanunuzi, maana hutazama taa za mbele na hawageuzi kifaa. Geuza! Kikiwa na tundu la USB pekee, kwa kawaida hakiwezi kuongea na kingine chenye USB pekee bila kompyuta au kifaa maalumu cha kuviunganisha. Kikiwa na tundu dogo la milimita 3.5 badala ya lile la mviringo lenye pini tano, fahamu kuna waya za aina A na aina B. A ilikubaliwa kuwa kiwango mwaka 2018, lakini B bado zimejaa mikononi mwa watu, na ukikosea, MIDI haitapita. Kwa kifaa kikuukuu, uliza kama kinahifadhi kwa disketi. Kisha kipe kipande kifupi, kizime, chomoa umeme, ukiwashe tena. Kipande kikiwa kimefutika, betri ya ndani huenda imekufa. Kuibadilisha huweza kuhitaji kulehemu, na gharama hiyo iondolewe kwenye bei kabla hujatoa pesa.