Jmol haihitaji kompyuta mpya wala bando kila siku

Walimu wenzangu wa kemia hapa Dodoma huniambia kwamba kuzungusha molekuli kwenye skrini ni mambo ya chuo kikuu. Mimi naiendesha Jmol, programu ya kuonyesha na kuzungusha molekuli, darasani, kwenye kompyuta mpakato kuukuu, intaneti ikiwa imezimwa. Kinachotukwamisha ni maneno tunayopokezana bila kuyajaribu.

“Faili ni bovu.” Hili limewakatisha tamaa wengi. Umepakua zip (faili lililobanwa) ya Jmol, ukatoa yaliyomo, ukabofya Jmol.jar mara mbili. Badala ya molekuli, ikafunguka programu ya mafaili yaliyobanwa na kukuonyesha folda ndani ya folda. Mtu anafuta, anapakua upya, bando linateketea. Faili ni zima kabisa! Jar kwa umbile lake ni zip, na kompyuta isiyo na Java, programu inayoiendesha Jmol, huweza kuifungua kama zip nyingine yoyote. Fungua dirisha la amri, andika `java -version`. Ikija namba ya toleo, Java ipo: ingia kwenye folda yenye faili lile uandike `java -jar Jmol.jar`. Ukijibiwa kwamba amri haitambuliki, sakinisha Java kwanza. Jmol yenyewe haisakinishwi. Iweke hata kwenye flashi.

“Kivinjari changu kina JavaScript, basi Java ninayo.” Ni lugha mbili tofauti, zimefanana jina tu. Chrome iliacha kuendesha Java ndani ya kurasa mwaka 2015, Firefox 2017. Anayetaka kubaki kwenye kivinjari atumie JSmol, ndugu yake Jmol, isiyohitaji Java.

“Lazima kadi ya michoro yenye nguvu.” Si lazima. Jmol huchora kwa prosesa ya kawaida.

“Haidrojeni zimepotea, programu imekosea.” Fungua protini ya krambini, namba 1CRN katika PDB, hifadhi ya miundo ya protini: atomu 327, haidrojeni hata moja. Muundo huo ulipatikana kwa miale ya eksi, nayo hutawanywa na elektroni, na haidrojeni inayo moja tu, kwa hiyo mara nyingi haionekani. Amri `calculate hydrogens` huziongeza kwa kukadiria. Hata vijiti vingi unavyoviona, vile vinavyoonyesha vifungo kati ya atomu, havimo kwenye faili la PDB. Jmol hupima umbali kati ya atomu, kisha huunganisha. Mwanafunzi aelezwe hayo mapema, asije akadhani anatazama picha iliyopigwa kwa kamera. Rangi nazo ni makubaliano: kaboni kijivu, oksijeni nyekundu, haidrojeni nyeupe.

Mimi huanza na asidi ya tatariki, ile inayochangia ukali wa zabibu zetu. Faili lake ni dogo mno, nililihifadhi mapema. Binti mmoja ambaye kwao wanalima zabibu Hombolo aliizungusha taratibu akihesabu kwa kidole kwenye kioo: nyekundu sita, kijivu nne, nyeupe sita. Kisha akaandika ubaoni C₄H₆O₆, bila kufungua daftari.